Ufa Chini ya Tangi

Kabla lori la mchanga halijamkatia njia, Kapteni ndiye aliyekuwa na pikipiki safi kuliko zote pale kijiweni. Wanawake waliovaa nguo za kazini walimpita dereva wa kwanza kwenye foleni, wakampita wa pili, wakamfuata yeye, kwa sababu walijua watashuka bila doa la mafuta kwenye sketi. Wenzake walimnunia, kisha wakamtania kwamba pikipiki yake inaoga mara nyingi kuliko mwenyewe. Kapteni hakubisha. Alitoa kitambaa mfukoni, akafuta tangi, akajitazama ndani yake na kucheka peke yake.

Lori lilimwachia uhai na mikono. Kuanzia kiunoni kushuka chini hakuhisi kitu. Miguu ilikuwepo, lakini ilikuwa kama mizigo ya mtu mwingine aliyoachiwa aiangalie. Pikipiki nayo ilivunjika shingo, pale bomba kubwa la fremu linaposhikana na usukani, chini ya tangi. Fundi wa kuchomelea akaiunga, na mdogo wake Kapteni akaichukua.

Mdogo wake huyo watu wote walimwita Dogo, hata waliokuwa wadogo kwake. Alikuwa akiishi na kaka yake na shemeji yake tangu amalize shule, akilala chumba cha mbele. Kapteni ndiye aliyemfundisha kuendesha: alimkalisha mbele, yeye akakaa nyuma, akamshika mikono yote miwili kama mtu anayemfundisha mwenzake kuandika. Sasa Dogo ndiye aliyetoka asubuhi na kurudi jioni na chochote cha kupika.

Majuma ya mwanzo Kapteni alilala akitazama ukuta. Chakula kilikuja, kikapoa, kikaondolewa. Mkewe ndiye aliyepata wazo.

"Dogo," alisema jioni moja, "hebu iingize uani. Halafu tumtoe na yeye nje."

Dogo akatafuta ubao mpana, akaupigilia magurudumu ya begi la safari lililochakaa, akamkalisha kaka yake juu yake na kumsukuma mpaka kando ya injini. Mke akaweka ndoo, sabuni na matambara, akarudi nyuma. Kapteni aliikodolea macho pikipiki ile iliyomvunja. Tope lilikuwa limegandia mpaka kwenye taa.

"Injini imepoa?" aliuliza mwishowe.

"Imepoa, kaka."

"Basi ziba bomba la moshi kwa nailoni. Ukiingiza maji humo utakuja kulia."

Jioni ile alikula, tena akaomba aongezewe. Mkewe aliingia jikoni, akajifunika uso kwa upande wa nguo, akalia kwa furaha. Nalisema hili mapema kwa sababu jambo lenyewe lilianza kwa wema, na wema ule ulikuwa wa kweli.

Ikawa ndiyo kazi yake. Kila Dogo aliporudi, pikipiki iliingizwa uani, nayo ikasubiri ipoe. Kapteni alianza juu na kushuka: vioo, usukani, tangi, kiti. Maji aliyamimina kwa kopo, taratibu, yasiingie kwenye nyaya. Spoki alizisugua kwa mswaki wa zamani, moja moja. Cheni aliisafisha kwa mafuta ya taa, akaifuta, akaipaka oili mpya, na oili hiyo hakuiacha hata tone lifike kwenye breki. Akiwa amekaa juu ya ubao wake alikuwa chini kiasi cha kuona matumbo yote ya pikipiki, yale ambayo mtu aliyesimama hayaoni mpaka apige magoti. Alipomaliza alijisukuma nyuma kidogo na kuitazama, na kwa muda huo mfupi alikuwa mtu mzima tena.

Dogo alinenepa kijiweni. Abiria wa kaka yake walikuwa wake sasa. Sifa za usafi zilimpata yeye, naye alizipokea bila kumtaja mtu. Baadaye alianza kumtaja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Mnataka pikipiki zing'ae kama yangu?" aliwaambia wenzake. "Njooni nyumbani. Nina Mkurugenzi wa Usafi."

Wakaja. Kwanza mmoja, kwa haya, akampa Kapteni pole na kumwita kaka. Kisha wawili, kisha kundi. Walikaa kwenye kivuli cha ukuta wakipiga soga, Kapteni akijikokota na ubao wake kutoka pikipiki hii hadi ile, suruali imelowa mapajani bila yeye kujua, maana hakuhisi maji wala baridi. Siku moja mvua ilikuwa imetoka kunyesha na uani kulikuwa na dimbwi. Dogo aliwasha pikipiki aliyokwisha kuoshewa, akakanyaga gia, akazungusha gurudumu la nyuma ndani ya dimbwi. Tope lilimpiga Kapteni usoni, mdomoni, kifuani.

Kijiwe kizima kilicheka. Dogo alicheka kuliko wote.

"Mkurugenzi, jioshe na wewe. Si una sabuni hapo?"

Kapteni alijifuta macho. Alimtafuta mkewe. Mkewe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi, naye alikuwa anatabasamu. Lilikuwa tabasamu dogo, la mtu aliyekamatwa nalo bila kutaka, na alipoona mumewe anamtazama alilimeza. Lakini alikuwa amechelewa.

Tangu hapo Kapteni akaanza kuangalia uchafu kwa jicho jingine. Mtu anayeosha chombo kila siku hahitaji kuuliza kimetoka wapi. Njia za mjini zilimletea vumbi la kijivu na masizi. Machimbo yalimletea unga mweupe. Sasa ulianza kuja udongo mwekundu, mzito, wa kule kwenye matanuri ya matofali nje ya mji, ambako hapakuwa na abiria wala duka, isipokuwa vibanda vya wapiga matofali vilivyoachwa tupu. Udongo huo haukugandia pedali za Dogo tu. Uligandia na zile za abiria wa nyuma, tena upande mmoja zaidi, kama wa mtu anayekaa upande.

Akaosha.

Juma jingine akakuta uzi wa kijani umejisokota kwenye ekseli ya nyuma. Aliuvuta polepole, ukatoka mrefu, na mwisho wake kulikuwa na kipande cha kitambaa kisichozidi ukucha. Aliutazama kwa muda. Kisha akauweka kwenye goti lake, akaendelea kusugua.

Mkewe alipotoka kuanika nguo alimuuliza, "Gauni lako la kijani limechanika wapi?"

"Msumari wa mlango."

"Mlango upi?"

"Wewe, kuna milango mingapi nyumba hii?" Akabana nguo ya mwisho kwenye kamba, akaingia ndani. Zamani angemwita mume wangu.

Na Dogo naye aliacha kumwita shemeji. Hilo ndilo lililomkata Kapteni kuliko uzi. Miaka yote ilikuwa shemeji nipe chumvi, shemeji nguo zangu ziko wapi, shemeji huyu kaka anasumbua. Sasa ilikuwa "nipe chumvi", basi. Neno lenyewe lilikuwa limewashinda wote wawili kulitamka.

Hawakujificha sana. Walikuwa na hakika na kitu kimoja: hawezi kuamka akaenda kutazama. Walicheka jikoni naye akiwa uani. Walinong'ona chumba cha mbele, sauti zikapita juu ya ukuta usiofika darini. Mke alianza hata kumkosoa kazi. "Hapo hukusugua," alisema akipita, akionyesha kwa kidole cha mguu. "Na pale. Watu watasema hatuna mtu wa kuosha." Kapteni alisugua pale alipoonyeshwa. Alikuwa tegemezi wa watu hao kwa kila kitu, kuanzia chai mpaka choo, na wote watatu walilijua hilo vizuri.

Wakaamua kuondoka. Walimwambia asubuhi yenyewe, jua limeshatoka, kama watu wanaotoa taarifa ya kukatika kwa maji.

"Nimepata kazi mji mwingine," alisema Dogo. "Ya kudumu. Huyu nakwenda naye. Jirani atakuwa anakuja kukuangalia, tumeshaongea naye. Tumemwambia tunakwenda kumwona shangazi mgonjwa, kwa hiyo usitutie aibu bure. Ni aibu yako vilevile."

Kapteni alimgeukia mkewe. "Na wewe unasemaje?"

Alikuwa amevaa viatu vya kutokea. "Mimi bado nina miguu," alisema.

Labda alikusudia kusema kitu kingine, kwamba bado kijana, kwamba hawezi kuzikwa uani pamoja na mtu aliye hai. Lakini hayo ndiyo yaliyotoka, naye hakuyarudisha.

"Halafu kaka," alisema Dogo, akisukuma pikipiki mpaka mbele ya ubao, "itupie maji kabla hatujatoka. Hatutaki kuingia mji wa watu na chombo kichafu."

Wakaingia ndani kufunga mabegi. Kapteni alibaki na pikipiki.

Angeweza kukataa, na mwenyewe alishangaa alipoona mikono yake inachovya tambara ndani ya ndoo. Aliziba bomba la moshi. Akaanza juu: vioo, usukani. Alipofika chini ya tangi, pale shingoni, maji yaliondoa tope na kuacha mstari wa rangi ya kutu. Aliufuta. Ukarudi. Akaleta uso karibu. Ile sehemu iliyochomelewa ilikuwa imeachia. Ufa mwembamba kama unywele ulizunguka bomba karibu nusu nzima. Alipoubana usukani na kuusukuma, ufa ulifunguka kidogo na kujifunga, kama mdomo wa samaki.

Alijua njia watakayopita. Mji ule mwingine hauna njia nyingine: ni mteremko mrefu wa kona kali, korongo upande wa kushoto, na dereva anashika breki ya mbele kuanzia juu mpaka chini. Watu wawili na mabegi.

Moyo ulimruka. Kwa kweli uliruka. Alikuwa bado kaka ya mtu.

"Dogo!" aliita. "Dogo, njoo mara moja!"

Dogo alichungulia dirishani, shati moja mkononi. "Kaka, usianze. Hotuba hatutaki leo."

"Njoo uone hapa."

"Nimesema usianze!"

Mke naye akatokea mlangoni na begi begani. Akasimama juu yake, kivuli chake kikamwangukia mikononi. "Harakisha, jua linapanda," alisema. "Utapumzika tukiondoka. Utapumzika maisha yako yote."

Kapteni alifungua kopo la nta ya kung'arishia, akachota kwa kidole, akaipaka shingoni mwa pikipiki. Aliipaka kwa uangalifu, akiisukuma ndani ya ufa mpaka ukajaa, kisha akafuta kwa tambara kavu, akarudia, akafuta tena. Mstari wa kutu ulipotea. Paling'aa kama pengine pote. Akaendelea na tangi, kiti, spoki, cheni. Hakuacha kitu. Haikuwahi kuwa safi kiasi kile hata siku iliyotoka dukani.

Dogo aliizunguka, akapiga mluzi. "Mkurugenzi, hii ni kazi," alisema, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alimaanisha. Akaondoa nailoni, akapiga kiki. Mke akapanda nyuma, akakaa upande, akamshika kiuno mbele ya mumewe bila kujali. Wakatoka getini. Kapteni alisikiliza mlio mpaka ulipochanganyika na milio mingine.

Habari ililetwa na mmoja wa wale wa kijiweni. Alivua kofia kabla hajaingia, na hapo Kapteni akajua. Usukani ulikuwa umeng'oka mkononi mwa Dogo kwenye kona. Gurudumu la mbele lilikwenda upande wake, pikipiki ikaenda korongoni na watu wake. Waliwapata jioni, kwa sababu mchunga mbuzi alisikia mtu analia. Dogo alikuwa ameshakufa. Mwanamke alikuwa hai chini yake, nyonga imevunjika.

Kapteni alilia. Waliomwona walisema hawajawahi kuona mtu mzima akilia vile, akipiga ubao wake kwa ngumi. Kilio kile hakikuwa cha uongo.

Dogo alizikwa wakati mwanamke yuko hospitali. Kapteni hakusema neno kuhusu kazi ya mji mwingine. Kwa majirani, kwa madereva, kwa mama yao mzazi, maelezo yalibaki yale yale: Dogo alikuwa anampeleka shemeji yake kumwona shangazi mgonjwa. Na mwanamke aliporuhusiwa, anachechemea, hana mbele wala nyuma, Kapteni alituma watu wakamchukue.

Kila mtu alimsifu kwa kumtunza mke mgonjwa na hali mwenyewe hajiwezi. Mwanamke ndiye aliyejua uzito wa jambo lile, au alidhani anaujua. Alimwogesha kwa maji ya uvuguvugu. Alimgeuza kitandani asipate vidonda. Alirudi kumwita mume wangu, kwa sauti ya kuogopa. Mchana mmoja, akiwa anamkata kucha za miguu, alishindwa kujizuia, akaweka uso kwenye ile miguu isiyohisi na kulia.

"Kwa nini hukuwaambia watu?" alisema. "Ulikuwa na haki ya kunianika. Mimi nisingekufanyia wema huu. Una moyo gani wewe?"

Kapteni alimwacha alie mpaka akamaliza. Alikuwa ameusubiri wakati huu, amwone amejiegemeza kwake kwa uzito wake wote.

"Ule ufa niliuona," alisema.

"Ufa gani?"

"Shingoni mwa pikipiki. Uliponiambia nitapumzika maisha yangu yote, nilikuwa nimeweka kidole juu yake. Nikaupaka nta."

Alimweleza yote, polepole, kama alivyokuwa akimweleza Dogo zamani namna ya kuosha: kwanza hiki, kisha kile. Mwanamke alisikiliza akiwa amepiga magoti na mkasi mkononi.

"Nilikuona unafuta pale pale," alisema. "Nilidhani unalia, unajificha."

"Sikuwa nalia."

"Nitamwambia mama yako. Ni mwanawe yule."

"Mwambie. Na ukimaliza, mwambie ulikuwa unakwenda wapi naye."

Mwanamke akamalizia kucha zilizobaki, akaokota vipande kimoja kimoja, akavitupa nje.

Mama yao alifika mwezi uliofuata. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, aliyezoea shida bila kuzipigia kelele. Mazishini hakuwa na wa kumuuliza kitu. Sasa alikuja kwa ajili ya mkwewe, mtu wa mwisho kuwa na mwanawe. Walipokwisha kunywa chai ya jioni, wote watatu wamekaa chumba cha mbele, aliweka kikombe chini.

"Mwanangu," alimwambia mkwe, "nataka kujua kitu kimoja tu. Alikwenda upesi?"

Kapteni alimtazama mkewe. Jibu lilikuwa rahisi, na kila mtu mwenye huruma hulijua. Mkewe naye alimtazama yeye, hakupepesa.

"Hapana, mama. Hakwenda upesi."

Mama alishika ukingo wa kiti.

"Alikuwa juu yangu, siwezi kumsukuma," alisema mwanamke. "Akili zake zilikuwa timamu. Alikuwa anamwita kaka yake. Kaka, njoo. Kaka, njoo uone hapa, pikipiki imefanya nini. Kaka angekuwepo angeliona hili, alisema. Kaka haachi kitu. Alisema hivyo tangu jua likiwa juu mpaka sauti ikakatika, na hata ilipokatika, midomo ilikuwa inasema kaka."

Mama alilia bila sauti. Kisha akanyoosha mkono, akaushika mkono wa Kapteni, akaubusu. "Unasikia, mwanangu? Mpaka mwisho alikuwa na wewe. Hakumwita mwingine."

"Nimesikia, mama."

Kesho yake mama alipokwenda kisimani, Kapteni alijisukuma mpaka mlango wa jikoni. "Ni kweli?" aliuliza. "Aliyasema hayo?"

Mkewe alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Utajuaje?" alisema.

Jioni mama aliomba asimuliwe tena. Alisema inamuuma lakini inampoza, kwamba ni kama kumsikia mwanawe akiongea. Mwanamke akasimulia, safari hii akakumbuka maneno mengine ambayo jana hakuyataja. Kapteni aliomba asukumwe nje apate upepo.

"Hapana, kaa," alisema mama, akimpapasa bega. "Maneno haya ni yako kuliko yangu."

Alikuwa amekuja kwa juma moja. Lakini kule alikotoka hakubaki mtu, na hapa kulikuwa na wagonjwa wawili wa kuangaliwa, basi akaomba akae. Kapteni hakupata sababu ya kumkatalia. Wakampa chumba cha Dogo. Na kila jioni, vyombo vikishaondolewa, mama huvuta kiti chake karibu na kusema, "Haya, mwanangu, hebu nisimulie," na mkwewe hujifuta mikono, hukaa mahali ambapo mumewe anaona uso wake vizuri, na kuanza.